Kuingiza hesabu ya stoo kwenye programu ya duka: hesabu mifuko kabla ya kugusa faili

Mvua zinapokaribia kuanza, kuanzia mwezi Novemba, duka la pembejeo katika kata ya Mpitimbi, Halmashauri ya Wilaya ya Songea, huwa limejaa mpaka mlangoni. Kuna DAP na NPK za kupandia, UREA na CAN za kukuzia, mbegu za mahindi, dawa za wadudu na mabomba ya kunyunyizia. Huo ndio wakati daftari huanza kumshinda mwenye duka. Wateja ni wengi, wengine wanachukua kwa mkopo, mzigo mpya unaingia kabla wa zamani haujaisha, na jioni hakuna anayekumbuka vizuri nini kimeuzwa.

Wafanyabiashara wengine wameanza kuacha daftari na kutumia programu ya duka, ya kwenye simu au kompyuta. Kila unapoandika mauzo, programu inapunguza mzigo yenyewe na kukuonyesha kilichobaki. Lakini kabla ya kuanza, programu lazima ijue una nini. Kuandika bidhaa 200 moja baada ya nyingine kwenye kioo cha simu ni kazi ya kuchosha, na ndiyo maana programu nyingi zinakuruhusu kuandaa orodha yote kwenye Excel au Google Sheets, kisha kuiingiza kwa mara moja.

Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kufanya kazi hiyo bila kuharibu hesabu. Tunamwandikia mwenye duka, mtunza ghala wa chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, na pia mkulima ambaye mazao yake yamelala kwenye ghala hilo. Hesabu ikiingia vibaya, baadaye kuna mtu ataulizwa mali imekwenda wapi, na mara nyingi mtu huyo hana kosa.

Mifuko 12 iliyopotea bila kuibwa

Tuchukue mfano. Mwenye duka anahesabu stoo Ijumaa jioni na kupata mifuko 65 ya UREA. Anaandika 65 kwenye faili. Jumamosi duka linafunguliwa kama kawaida, kijana wa dukani anauza mifuko 12 na kuiandika kwenye daftari la zamani. Jumapili mwenye duka anakaa na simu yake na kuingiza faili. Programu inaanza kazi ikiamini kuna mifuko 65, wakati sakafuni imebaki 53.

Kuanzia hapo kila kitu kinaandikwa sawasawa. Mwisho wa mwezi wanahesabu tena, na programu inaonyesha mifuko 12 zaidi ya iliyopo. Mwenye duka anaiamini programu kwa sababu ni kitu cha kisasa. Anamtazama kijana, na kijana hana la kujibu, kwa sababu yeye mwenyewe hajui kosa lilitokea wapi. Jibu liko kwenye daftari la Jumamosi, na pengine daftari hilo limeshatupwa kwa kuwa “sasa tuna programu”.

Programu haina macho ya kuona stoo. Inajua tu ulichoiambia siku ya kwanza, na ukiiambia uongo itaendelea kukusomea uongo huo kila siku kwa namba nzuri. Kwa hiyo ichukulie kazi ya kuingiza faili kama makabidhiano ya stoo. Mtunza stoo wa zamani anapomkabidhi mpya, mzigo huhesabiwa, watu wawili hushuhudia, karatasi hutiwa saini. Hapa anayepokea stoo ni programu, na utaratibu uwe uleule.

Faili lenyewe likoje

Faili la kuingiza ni jedwali. Kila mstari wa kwenda kulia ni bidhaa moja. Kila safu ya kwenda chini ni jambo moja kuhusu bidhaa: jina, kipimo, kiasi kilichopo, bei ya kununulia, bei ya kuuzia. Mstari wa kwanza una vichwa vya safu, na ndivyo programu inavyotambua ni namba ipi ya bei na ipi ya kiasi.

Programu nyingi hupenda faili la aina ya CSV. Hilo ni jedwali lililoondolewa rangi na mapambo yote, likabaki maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa alama ya mkato. Likifunguliwa huonekana hivi:

msimbo,jina,kipimo,kiasi
M001,DAP mfuko wa kilo 50,mfuko,40
M002,UREA mfuko wa kilo 50,mfuko,65
M003,UREA ya kupima,kilo,30
B001,Mbegu UH6303 pakiti ya kilo 2,pakiti,48

Faili kama hili ni jepesi. Orodha ya bidhaa 200 haifikii hata ukubwa wa picha moja ya simu, kwa hiyo unaweza kulituma kwa WhatsApp au kulipakia hata pale mtandao ulipo hafifu.

Usibuni vichwa vya safu kwa kichwa chako. Fungua programu, tafuta sehemu ya bidhaa, kisha kitufe ambacho mara nyingi huandikwa Import. Hapo kwa kawaida utakuta faili la mfano la kupakua. Lichukue, uache vichwa vyake kama vilivyo, ujaze chini yake. Loyverse, inayotumika kwenye simu, hupokea faili la CSV, na kazi hiyo hufanyika kwenye ukurasa wake wa usimamizi unaofunguliwa kwa kivinjari. Odoo, inayotumiwa zaidi na biashara kubwa kidogo, hupokea CSV na pia faili la Excel.

Anza sakafuni

Chagua siku moja na saa moja ya kufunga hesabu. Kwa duka, jioni baada ya kufunga ni wakati mzuri. Kuanzia mnapoanza kuhesabu mpaka faili linapoingia na kukaguliwa, kitu kisitoke wala kuingia. Kama haiwezekani kufunga duka, andikeni kila kilichouzwa katika muda huo kwenye karatasi ya peke yake, kisha muyaingize mauzo hayo kwenye programu mara inapoanza kufanya kazi. Kama mwenye duka wa mfano wetu angefanya hivyo na mifuko yake 12, ugomvi usingekuwepo.

Wahesabu wawe wawili. Mmoja ahesabu na kutaja, mwingine aandike, kisha wabadilishane kwa bidhaa za bei kubwa. Msinakili kiasi kutoka kwenye daftari. Daftari linaeleza kinachotakiwa kuwepo, na mnachotafuta ni kilichopo. Vikitofautiana, andikeni tofauti hiyo pembeni siku hiyohiyo, mkiwa pamoja. Tofauti ya zamani ikijulikana mapema haitamwangukia mtu asiyehusika.

Tenganisheni pia mali isiyo yenu. Mzigo wa mali kauli, ambao muuzaji wa jumla amewaachia mlipe baada ya kuuza, upo stoo lakini haujalipiwa. Mfuko ambao mteja ameshalipia na kuuacha hapo ni wake. Mifuko iliyopasuka na dawa zilizopita muda wa matumizi hazifai kuuzwa. Vyote hivi vikichanganywa kwenye namba moja, programu itawaonyesha utajiri ambao hampo nao.

Kipimo kimoja kwa kila bidhaa

Makosa mengi ya stoo za vijijini yanatokana na kipimo. Mbolea inanunuliwa kwa mifuko ya kilo 50 au 25, lakini mkulima mwenye robo ekari anataka kilo tano. Ukiandika kiasi cha UREA kuwa “mifuko 65 na nusu hivi”, programu itakataa, kwa sababu safu ya kiasi inataka namba peke yake.

Njia iliyo wazi ni kuifanya UREA bidhaa mbili, kama tulivyoonyesha kwenye jedwali hapo juu: UREA ya mfuko mzima, inayohesabiwa kwa mifuko, na UREA ya kupima, inayohesabiwa kwa kilo. Ukifungua mfuko wa kilo 50, unapunguza mfuko mmoja upande wa kwanza na kuongeza kilo 50 upande wa pili. Hatua hiyo ikisahaulika, upande mmoja utaonyesha hasara na mwingine faida ya ajabu, wakati mbolea yote ipo.

Kwa mazao, tumia kilo tu. Gunia, debe na kiroba ni vipimo vya mazungumzo. Gunia la mtu mmoja lina debe sita, la mwingine ni lumbesa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, hununua mahindi kwa kilo, na mizani ndiyo inayoamua. Ghala linaloandika “gunia 120” kwenye faili bila uzito halijaandika kitu ambacho mwanachama anaweza kukidai.

Jina moja, msimbo mmoja

Binadamu akisoma “Urea”, “UREA 50kg” na “yurea mfuko” anaelewa ni kitu kimoja. Programu inaona bidhaa tatu. Mauzo yatapunguza mojawapo, mzigo mpya utaongezwa kwenye nyingine, na baada ya wiki mbili bidhaa moja itakuwa chini ya sifuri huku pacha wake akiwa amejaa mpaka darini.

Kabla ya kuingiza, panga orodha yako kwa alfabeti. Majina yanayofanana yatakaa karibu na utayaona. Chagua jina moja la kila bidhaa, lenye ukubwa wake ndani yake, kisha lipe msimbo mfupi usiobadilika: M kwa mbolea, B kwa mbegu, D kwa dawa, ikifuatiwa na namba. Jina unaweza kulirekebisha baadaye. Msimbo usiuguse, kwa sababu katika programu nyingi huo ndio unaosema mstari huu ni bidhaa ileile ya jana. Wala msimbo mmoja usipewe bidhaa mbili.

Excel inapobadilisha ulichoandika

Excel hujaribu kukisia ulichokusudia, na katika duka la pembejeo makisio yake yanaweza kuleta hasara. Haya ndiyo ya kuangalia:

Mbolea kugeuka tarehe. Ukiandika 20-10-10 peke yake kwenye kisanduku, ukimaanisha NPK ya uwiano huo, Excel inaweza kuigeuza kuwa tarehe 20 Oktoba 2010. Kwenye kompyuta iliyopangwa kwa tarehe za Kimarekani, ambako mwezi hutangulia siku, hata 10-18-24, NPK inayojulikana na wakulima wa tumbaku, inaweza kuwa tarehe 18 Oktoba 2024. Andika neno NPK mbele ya namba, ndani ya kisanduku hichohicho, na tatizo linaisha.

Namba ndefu kufupishwa. Namba iliyo chini ya mistari myeusi kwenye pakiti mara nyingi ina tarakimu 13. Za kampuni zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620, na za Kenya huanza na 616. Excel ikiiona huionyesha kama 6.2E+12 au kitu cha namna hiyo, na ukihifadhi kuwa CSV ikiwa hivyo, tarakimu za nyuma zinapotea. Ukishalifunga faili hazirudi.

Sifuri ya mbele kupotea. Msimbo 0045 unakuwa 45. Namba ya simu inayoanza na 07 inabaki na 7.

Dawa ya haya mawili ya mwisho ni moja. Kabla ya kuandika chochote, chagua safu hiyo nzima na uipange iwe ya maandishi badala ya namba. Kwenye Excel ya Kiingereza mpangilio huo huitwa Text.

Tarehe za mwisho wa matumizi. Dawa na mbegu zina tarehe, na 05/06/2026 ni Juni 5 kwa Mtanzania lakini ni Mei 6 kwa programu yenye mpangilio wa Kimarekani. Tazama faili la mfano linaandikaje tarehe, nawe uige. Programu ikikubali mwaka utangulie, 2026-06-05 ni vigumu zaidi kuchanganya.

Mkato ndani ya maandishi. Katika CSV mkato ni ukuta kati ya safu na safu. Ukiandika kwa mkono “UREA, kilo 50”, programu itaona safu mbili. “UREA” itakaa kwenye jina, “kilo 50” itasukumwa kwenye kipimo, neno “mfuko” litaingia kwenye kiasi, na mstari utakataliwa. Vivyo hivyo, 1,250 inaweza kusomwa kama 1 na 250. Excel yenyewe huweka alama za kulinda maandishi yenye mkato inapohifadhi, lakini salama zaidi ni kutotumia mkato kabisa: andika 1250, wala usiweke “Tsh” wala “kg” pembeni ya namba.

Alama za ajabu. Baada ya kuingiza, “dawa ya ng’ombe” inaweza kuonekana na herufi zisizoeleweka katikati ya ng na ombe. Sababu ni namna faili lilivyohifadhiwa. Unapohifadhi, chagua aina ya CSV iliyoandikwa UTF-8.

Jaribu kwa bidhaa tano

Usianze na orodha yote. Tengeneza faili dogo la bidhaa tano, na uchague zile zenye matatizo: moja ya kupima kwa kilo, moja yenye namba ndefu, moja yenye tarehe, moja yenye jina refu na moja ambayo kiasi chake ni sifuri. Liingize, kisha fungua bidhaa moja moja kwenye programu na usome. Odoo ina kitufe cha kujaribu kinachokuonyesha makosa kabla ya kitu chochote kuhifadhiwa. Programu nyingine hukupa orodha ya mistari iliyokataliwa na sababu yake. Isome orodha hiyo mpaka mwisho.

Katika jaribio hilo tafuta majibu ya maswali mawili, maana programu hazifanani.

La kwanza, ukiingiza faili lilelile mara ya pili kiasi kinakuwaje? Programu moja itaweka 65 juu ya 65 ya zamani, na kubaki 65. Nyingine itaongeza, na utakuwa na mifuko 130 isiyokuwepo duniani. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, mtu huwa na haraka ya kubonyeza tena. Kama hujui programu yako inafanya lipi, angalia kwanza bidhaa zilizokwishaingia kabla ya kurudia.

La pili, kisanduku kilichoachwa wazi kina maana gani? Kwa programu moja kinamaanisha “usibadilishe”, kwa nyingine kinamaanisha sifuri. Ukitaka kubadilisha bei tu baada ya miezi sita, usije ukafuta mzigo wako wote kwa kuacha safu ya kiasi bila kitu. Kwa kazi hiyo, toa kwanza faili jipya kutoka kwenye programu yenyewe, badilisha bei ndani yake, kisha urudishe. Na kama umeuza kitu kati ya kulitoa na kulirudisha, kiasi kilichomo kimeshapitwa na wakati.

Linganisha jumla kabla ya kufungua duka

Mwezi Oktoba mwaka 2020, mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilitangaza kuwa wagonjwa 15,841 wa korona walikuwa wameachwa nje ya hesabu za kila siku. Matokeo yao ya maabara yalikuwepo. Lakini wakati wa kuyahamisha yalipitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Yaliyozidi yalikatwa kimya kimya, na kazi ya kuwatafuta watu waliokutana na wagonjwa hao ikachelewa.

Duka la Mpitimbi halitafikisha mistari hiyo, lakini kosa la kuamini kwamba faili limeingia lote linaweza kumpata mtu yeyote. Kabla ya kuingiza, andika namba tatu kwenye karatasi: idadi ya bidhaa kwenye orodha, jumla ya kiasi kwa kila kundi, kwa mfano mifuko yote ya mbolea, na jumla ya thamani ya mzigo kwa bei ya kununulia. Baada ya kuingiza, tafuta namba hizo tatu ndani ya programu. Zikilingana, chagua bidhaa kumi bila mpango na uende stoo kuzihesabu kwa mkono. Zisipolingana, usirekebishe bidhaa moja moja kwa kubahatisha. Tafuta mstari uliokosa.

Kisha chapisha orodha hiyo, au inakili kwa mkono, iwe na tarehe na saa. Mwenye duka na mtunza stoo waitie saini. Karatasi hiyo ndiyo kinga ya kijana wa dukani, na ndiyo kinga ya mwenye duka pia.

Kwenye ghala la AMCOS

Mkoani Ruvuma mazao kama ufuta, soya na mbaazi huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya ushirika. Huko mzigo si wa mtu mmoja, kwa hiyo faili likikosewa wanaoumia ni wengi. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kusimamia vyama, unaojulikana kama MUVU, na chama kinaweza pia kuwa na programu yake ya ghala au ya pembejeo. Popote takwimu zinapohamishwa, kanuni ni moja: jumla ya kilo kwenye stakabadhi za wanachama, jumla ya kilo kwenye leja ya ghala na jumla ya kilo kwenye programu lazima zikae pamoja kwenye karatasi moja, na tofauti yoyote ielezwe.

Tofauti inaweza kuwa halali. Mazao yaliyoingia na unyevu hupungua uzito yanapokauka. Lakini upungufu huo uandikwe ndani ya programu kama marekebisho, ukiwa na tarehe, sababu na jina la aliyeidhinisha. Usifichwe kwa kubadilisha namba kwenye Excel kabla ya kuingiza. Marekebisho yaliyoandikwa yanaweza kujadiliwa kwenye mkutano wa wanachama, ila namba iliyobadilishwa kimya haimpi mwanachama pa kuanzia kuuliza.

Mwanachama naye ana haki ya kuuliza, na hahitaji kujua kompyuta. Leta stakabadhi yako, uliza jina lako lina kilo ngapi kwenye mfumo mpya, linganisha. Fanya hivyo wiki ileile chama kinapohama, usisubiri siku ya malipo.

Kwa duka ambalo ni wakala wa mbolea ya ruzuku, kuna hesabu ya pili. Tangu mpango wa ruzuku ulipoanza msimu wa 2022/2023, mauzo ya mbolea hiyo kwa wakulima waliosajiliwa hupitia mfumo wa kidijitali wa serikali chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Programu ya duka haiondoi wajibu huo, kwa hiyo siku ya kufunga hesabu linganisha pia na salio la huko. Vilevile mashine ya EFD inatoa risiti ya kodi, lakini usiitegemee ikuhesabie mifuko iliyobaki stoo.

Daftari la zamani usilichome

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Kuwa na programu hakufuti wajibu huo. Daftari la zamani lifungwe, liandikwe tarehe ya mwisho, liwekwe mahali pakavu. Kwa mwezi wa kwanza endelea kuandika kwenye daftari jipya sambamba na programu, na kila Jumamosi jioni linganisha. Ni kazi mara mbili, lakini simu ikianguka kwenye maji mwezi huo utajua kwa nini tulikuambia.

Faili uliloingiza lihifadhi kama lilivyokuwa siku ile, jina lake likiwa na tarehe, kwa mfano stoo-2025-11-14. Liweke sehemu mbili: kwenye simu na kwenye barua pepe yako, au kwa mtu unayemwamini. Usilibadilishe tena. Ukitaka kufanya kazi nyingine, nakili.

Orodha ya wadaiwa isiingie kwenye faili la stoo. Majina, namba za simu na madeni ya watu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda. Faili la stoo hupita mikononi mwa fundi wa kompyuta na kwenye kundi la WhatsApp, na deni la jirani yako halipaswi kusafiri nalo.

Kwa kifupi

1. Chagua jioni ya kufunga hesabu. Kitu kisitoke wala kuingia mpaka kazi iishe.
2. Hesabuni watu wawili, sakafuni, si kutoka kwenye daftari.
3. Tenga mali kauli, mali ya wateja na vilivyoharibika.
4. Kila bidhaa iwe na jina moja, kipimo kimoja na msimbo mmoja.
5. Tumia faili la mfano la programu yenyewe na usibadilishe vichwa vyake.
6. Kagua tarehe, namba ndefu, sifuri za mbele na alama za mkato.
7. Jaribu kwa bidhaa tano, kisha ingiza zote mara moja tu.
8. Linganisha idadi, kiasi na thamani. Hesabu bidhaa kumi kwa mkono.
9. Tieni saini orodha ya kuanzia. Tunza faili na daftari.

Kijana wetu akikuonyesha namna ya kubonyeza kitufe, mshukuru, kwa sababu kubonyeza huchukua dakika moja. Kabla hajabonyeza, mwambie mwende naye stoo, mkahesabu wote wawili.